Datsun 240Z ya Zamani: Kufuatilia Wamiliki Wake, Kisha Kuifufua

Datsun 240Z, gari la spoti la kampuni ya Nissan, iliyolala bandani miaka mingi ina vitu viwili vya thamani: chuma na ushahidi. Chuma kinanunulika. Sakafu, madigadi, injini, hata dashibodi, vyote unaweza kuvipata ukiwa na pesa na subira. Ushahidi wa gari lilikuwa la nani, lilipita wapi na lilitoka kiwandani likiwa vipi haununuliki, na mara nyingi hufutwa na fundi mwenye nia njema kwa kazi ya siku moja ya kupiga msasa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na namba na karatasi. Spana zitafuata.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuwa makini na gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Tangu hapo, kila 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi inauzwa na mtu anayeapa kwamba iliendeshwa na Mehta. Usibishane naye. Omba kutazama namba.

NAMBA

Gari hili lilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973. Herufi zinazotangulia namba ya chasisi ndizo za kusoma kwanza. S30 peke yake ni gari la soko la Japani lenye injini ya lita 2. HS30 ni la usukani wa kulia lenye injini ya L24 (ile ya lita 2.4), na ndilo unalotarajia kulikuta Kenya, Uganda au Tanzania. HLS30 ni la usukani wa kushoto, mengi yao yakiwa yale yaliyokwenda Marekani. Ukiona karatasi zimeandikwa HLS30 na usukani uko kulia, gari limegeuzwa. Si kosa la jinai, ila bei ishuke, na ukague kwa makini ukuta wa moto (ule unaotenganisha injini na abiria) palipotobolewa upya kupitisha nguzo ya usukani na silinda kuu ya breki.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye huo ukuta wa moto, upande wa injini. Isafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa au thina. Usiiguse kwa grenda wala brashi ya waya ya mashine. Ikishaonekana, fanya hivi:

1. Piga picha ukimulika kwa tochi kutoka pembeni, ili vivuli vionyeshe kina cha kila tarakimu.
2. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli laini, kisha andika tarehe kwenye hiyo karatasi. Nakala hii inaonyesha tarakimu iliyogongwa upya kuliko picha yoyote.
3. Tazama pande zote za namba na, ukiweza, nyuma ya bati. Mstari wa welding, puti au bati lenye unene tofauti maana yake kipande hicho kimehamishwa kutoka gari jingine.
4. Linganisha na kibati cha utambulisho kilicho ndani ya chumba cha injini, ambacho pia hubeba namba ya injini ya kiwandani.

Namba ya injini iko upande wa kulia wa bloku, juu, kuelekea nyuma, karibu na plagi ya sita. Inaanza na L24. Injini za L24, L26 na L28 zinafanana kwa nje kiasi kwamba mwenye gari anaweza kuishi miaka ishirini bila kujua iliyomo siyo ya asili. L24 ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7. L28 iliwekwa pia kwenye Nissan Patrol za zamani za petroli, kwa hiyo huku kwetu ndiyo iliyokuwa rahisi kupatikana L24 inapokufa. Ukiikuta, usiitupe haraka, ila iandike.

WAMILIKI

Anza na mwenye gari wa leo na urudi nyuma, mmiliki mmoja baada ya mwingine. Kenya, kumbukumbu za usajili ziko NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), ambayo ilirithi kazi hiyo kutoka KRA (mamlaka ya mapato). Tanzania ziko TRA, mamlaka ya mapato ya huko. Omba nakala rasmi ya taarifa za gari kwa namba ya usajili, kisha uiweke kando ya logbuku au kadi uliyopewa. Namba za Kenya za kabla ya 1989 zina herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho. Gari lililodaiwa kuwa Nairobi tangu 1972 lakini likawa na namba ya mfumo mpya lilisajiliwa baadaye, na lazima kuwe na maelezo: lilitoka nchi jirani, lilikuwa la ubalozi, au lilifutwa na kusajiliwa upya.

Gari la mwanadiplomasia lina mtego wake. Liliingia bila ushuru, na kama aliyelinunua hakulipa, deni hilo linaweza kulifuata gari. Dai karatasi ya forodha kabla hujatoa hata shilingi ya kulivuta.

Mtego wa pili ni mirathi. Magari mengi ya aina hii yamesajiliwa kwa jina la marehemu. Mjane au mtoto anayekuuzia, hata kama ni mwaminifu kabisa, hawezi kukuhamishia umiliki bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Kuna watu wametengeneza gari miaka mitatu, likang'aa, ndipo ndugu wa pili akajitokeza kutoka Toronto. Maliza uhamisho kwanza.

Kwa kila mmiliki utafute mambo matano: alilinunua lini, kwa nani, lilikuwa na rangi gani, lilikuwa na injini gani, na liliwahi kugongwa wapi. Ukimpigia mzee aliyelimiliki zamani, usimtajie majibu. Ukimuuliza, "Mzee, shikamoo, lilikuwa jekundu, sivyo?" atakubali kwa adabu tu. Muulize, "Lilikuwa rangi gani ulipolinunua?" Kisha pima ushahidi kwa uzito wake. Karatasi ya wakati ule, kama risiti ya sevisi, bima au hati ya kuvukia mpaka, inashinda picha. Picha inashinda kumbukumbu. Kumbukumbu ya mtu mmoja isiyoungwa mkono na kitu kingine iandikwe hivyo hivyo kwenye faili: "inasemekana".

Dai la mashindano linahitaji zaidi. Bandika picha ya zamani kando ya gari na utafute vitu ambavyo mtu haji akavibadilisha: matundu ya bolti za taa za ziada, mahali palipopita waya kwenye ukuta wa moto, alama za vishikio vya kifaa cha kupimia masafa mbele ya kiti cha msoma ramani, welding ya kuongeza nguvu kwenye minara ya shokabu. Rangi na namba ya mlangoni hazithibitishi chochote, kwani hizo hupakwa mchana mmoja. Na kuna gari moja usilohitaji kulitafuta kabisa: lile la ushindi wa 1971 liko Japani, kwenye mkusanyiko wa magari ya kihistoria ya Nissan huko Zama.

KABLA YA KUFUNGUA BOLTI YA KWANZA

Piga picha kila upande, kila waya, kila klipu. Halafu tafuta rangi ya asili mahali ambapo hakuna mpakaji aliyejisumbua kufika: chini ya dashibodi, nyuma ya mapambo ya ndani, chini ya kapeti ya buti. Kwa tabaka za nje, chukua eneo la ukubwa wa sarafu na upige msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1500, ukizungusha kidole mpaka ufike kwenye chuma. Tabaka zitajitokeza kama pete, ya nje ikiwa ya mwisho kupakwa. Ipige picha pamoja na rula. Namba za rangi za kiwandani zinajulikana: 904 nyeupe, 918 ya machungwa, 110 nyekundu, na 920 ya dhahabu ambayo Nissan waliiita Safari Gold.

Vipande vyote viingie kwenye mifuko yenye lebo iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Usitegemee kukumbuka. Nati za 240Z ni za milimita, nyingi zinafanana, na bolti za kifuniko cha mbele cha injini zina urefu tofauti kwa makusudi: ile ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua aluminiamu.

KUTU, AMBAYO NDIYO KAZI YENYEWE

Kama una bajeti, weka zaidi ya nusu yake hapa. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na bati lake ni jembamba, karibu milimita 0.8 sehemu nyingi. Chukua bisibisi, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa kitambaa, kisha pitia maeneo haya. Palipo puti nene sumaku haitashika, na palipooza nyundo itatoa mlio mfu.

Chini ya betri ni pa kwanza. Asidi inavuja, inakula sahani ya betri, inashuka kwenye reli ya mbele na ukuta wa moto. Kutu hiyo hata gari la Nairobi lisiloona bahari huwa nayo. Kisha nenda nyuma ya madigadi ya mbele, kati ya gurudumu na mlango. Tope linajaa humo na kukaa na unyevu mwaka mzima, na udongo mwekundu wa huku unaganda kabisa. Fungua madigadi, yameshikwa kwa bolti, utaona mwenyewe. Endelea na vizingiti vya milango, kona za chini nyuma ya mlango, matao ya magurudumu ya nyuma, shimo la tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na sehemu ya kuingizia hewa chini ya waipa ambako majani huziba mifereji. Gari la Mombasa au Dar es Salaam lifikirie limeoza kwenye vizingiti mpaka likuonyeshe vinginevyo.

Sakafu imefunikwa kwa mikeka ya lami ya kiwandani. Juu inaonekana nzima huku chini yake bati limekwisha. Ibandue kwa barafu kavu ukiipata: iache dakika kadhaa, lami inakuwa ngumu kama kioo, gonga, inatoka vipande. Bila barafu kavu, tumia bunduki ya joto na patasi butu, na ufungue madirisha.

Sasa kukata. Hapa ndipo magari mengi huharibika moja kwa moja, kwa sababu fundi hukata sakafu na vizingiti vyote kwa wakati mmoja na bodi ikajikunja katikati. Fuata utaratibu huu:

1. Toa tenki la petroli na mabomba yake, ng'oa betri na altaneta. Usichomelee gari lenye tenki, hata likiwa tupu. Mvuke ndio unaolipuka.
2. Kaza bodi juu ya stendi kwenye sehemu zake ngumu, iwe sawa, ujue kwa pima maji.
3. Chomelea mabomba ya chuma ndani ya uwazi wa milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na mengine ya kuvuka kutoka upande hadi upande. Milango ikiwa imefungwa, pima nafasi zake na uziandike.
4. Pima mishazari ya chini ya gari. Tofauti kati ya mishazari miwili ikizidi milimita 3, gari liliwahi kugongwa au limekwisha kujikunja, na linahitaji mashine ya kunyooshea kabla ya kitu kingine.
5. Kata upande mmoja tu. Ukimaliza, pima tena, ndipo uende wa pili.

Reli zinazopita chini ya sakafu zina umbo la mfereji uliofunikwa na sakafu yenyewe, na huoza kutoka ndani. Zikunje kwa bati la geji 16, na sakafu kwa geji 18. Nene kuliko hapo ni uzito bure, na welding yake inaunguza bati jembamba la jirani. Toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya milimita 25 hadi 30, paka praima ya zinki inayovumilia welding kwenye nyuso zinazokutana, halafu jaza matundu kwa welding. Kwenye mapande makubwa ya nje tumia MIG (welding ya umeme inayolisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6, gusa nukta moja, ruka sentimita kumi, gusa nyingine, urudi baadaye kujaza. Welding ya gesi kwenye boneti au mlango itakupa mawimbi yasiyonyooka tena. Ukimaliza, ziba maungio kwa silanti na mwaga nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, baada ya rangi, siyo kabla. Mashimo ya kutolea maji yaliyo chini ya vizingiti na milango yabaki wazi. Kuyaziba ili gari lipendeze ni kulirudisha bandani.

Mchanga wa kupiga kwa kompresa uache kwa vipande vizito kama mikono ya shokabu na fremu ya mbele. Mapande ya bodi yanapinda yakipigwa mchanga. Puti isizidi milimita 3 popote. Chuma kikiwa kitupu, praima ya epoksi ipakwe siku hiyo hiyo, hasa Pwani, ambako kutu ya rangi ya chai huonekana kabla ya adhuhuri.

INJINI

Injini iliyokwama isilazimishwe kwa staata. Toa plagi, mimina mafuta ya kulainisha kwenye kila silinda, ngoja siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono kwa nati ya krenki. Ikizunguka, pima mgandamizo. Nzima inatoa karibu kilo 12 kwa sentimita ya mraba, na silinda zisipishane sana.

Ukitoa silinda hedi, kuna hatua moja ambayo mafundi wasioijua L24 huiruka: kabla ya kufungua sproketi ya kamshafti, shindilia kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni, ndani kabisa. Bila kabari, kikaza cheni kinachomoka na utalazimika kuvua kifuniko chote cha mbele kukirudisha. Na nguzo zinazobeba kamshafti juu ya hedi usizifungue kabisa. Zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake, na zikirudi hata kwa kupishana kidogo kamshafti inakaba. Hedi iliyopinda ikichongwa, kamshafti inashuka na cheni inalegea. Fundi wa mashine lazima aweke vipande vya unene huo huo chini ya nguzo.

Unaporudisha pampu ya oili, silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo, ulimi wa shafti yake uonekane kwenye mwelekeo wa saa 11 na dakika 25, nusu duara ndogo ikitazama mbele. Ukikosea jino moja, distributa haitafikia taimingi hata uizungushe mwisho. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4. Nafasi za tepeti injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa za kutoa. Injini ikiwa moto: 0.25 na 0.30. Nafasi ya pointi za distributa ni karibu milimita 0.5.

Kabureta mbili za Hitachi zina sifa mbaya zisizostahili. Tatizo lake mara nyingi ni shafti ya vipepeo iliyolika, inayovuta hewa pembeni. Nyunyiza kisafisha kabureta kwenye ncha za shafti injini ikizunguka. Mlio ukibadilika, weka bushi mpya, na usipoteze muda kwa marekebisho mengine. Kisha anza na nozeli zote zikiwa mizunguko miwili na nusu kutoka juu, sawazisha hewa kwa kipimo cha mvuto, weka mafuta mepesi kwenye dampa, na utazame plagi. Nairobi, kwenye mita karibu 1,700, hewa ni nyepesi na mchanganyiko uliowekwa Mombasa utatoa plagi nyeusi. Punguza nusu mzunguko na upime tena.

CHINI NA WAYA

Pini ndefu inayoshika mkono wa chini wa nyuma ndiyo bolti inayochukiwa kuliko zote kwenye gari hili. Ina kifungio kidogo kinachopita katikati yake, kitoe kwanza. Kisha usiipige nyundo moja kwa moja: ncha inafura na haitatoka tena. Loweka kwa siku, tumia kivutaji au mashine ya kushindilia, na ikikataa ikate uweke mpya. Hosi za breki zote zibadilishwe bila kuzitazama. Fungua pia mpira wa mbele wa difu; ukipasuka, unasikia mshindo kila unapoachia klachi.

Waya za 240Z zina udhaifu wa kuzaliwa nao. Umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya nguzo ya usukani, na mkondo wa kuchaji unapita kwenye geji ya ampea ndani ya dashibodi. Vishikio vinapata joto, plastiki ya boksi ya fyuzi inayeyuka. Weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) kwa taa kubwa kwa waya wa ziada unaochomekwa, bila kukata waya za asili, ili mwenye gari wa baadaye aweze kuurudisha kama ulivyokuwa.

Harufu ya moshi ndani ya gari baada ya kazi yote hii mara nyingi si kosa la injini. Badilisha mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma. Gari likikimbia, hewa ya nyuma huvuta moshi wa ekzosi kupitia hapo.

KIASI GANI KITENGENEZWE

Hili halina jibu moja. Gari lisilo na historia ya pekee, lipake upya kwa rangi yake ya asili na ulitumie. Lenye ushahidi wa mashindano ni jambo jingine. Kikundi cha wafanyakazi wa Nissan walipolifufua lile gari la 1971, mwaka 2013, walilirudisha liweze kutembea, na bodi yake yenye mabonyeo bado inaonekana ni ya gari lililomaliza Safari. Bonyeo unalonyoosha haliwezi kurudi. Panapooza pakatwe, palipopondwa mwaka ule pabaki, na matundu ya taa za ziada yasizibwe.

Kila kipande cha asili ulichokitoa, hata sahani ya betri iliyotoboka, kiwekee lebo na ukihifadhi. Ukibadilisha injini, peleka namba mpya kwenye usajili kabla ya gari kutoka nje ya geti, na ile L24 ya zamani ibaki kwenye rafu ikiwa imepakwa mafuta.

Kuwasha kwa mara ya kwanza: kamshafti mpya inahitaji kukimbizwa karibu mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20, bila kuachwa isinzie, ikiwa na oili ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha. Ukimaliza badilisha oili, pima na urekebishe nafasi za tepeti upya, na kwa kilomita 800 za kwanza usivute mzigo wala usibaki kwenye mwendo mmoja muda mrefu.